Wali Usio na Mchele: Upishi wa Koliflawa ya Kukaanga na Suala la Jina Lake

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja lakini mapishi ni mbalimbali. Kipo chakula kimoja ambacho kimeigeuza methali hiyo juu chini: mapishi yamebakia yale yale, mchele ndio uliotoweka. Chakula hicho ni koliflawa iliyokatwakatwa hadi ikafanana na punje za mchele, kisha ikakaangwa pamoja na mayai, karoti na viungo kwa namna ile ile ya wali wa kukaanga. Wanaokipika ni watu wanaotaka kupunguza wanga au kuepuka nafaka, na miongoni mwao wamo wagonjwa wa kisukari.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi chakula hicho kinavyopikwa na sababu ya kila hatua. Aidha, yanajadili jina lake. Huenda msomaji akayaona haya kuwa mambo mawili, moja la jikoni na jingine la darasani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hayatengani. Anayeiita koliflawa wali huelekea kuipika kama wali, na anayeipika kama wali huiharibu. Isitoshe, mlaji anayelitegemea jina hilo anaweza kuandaliwa chakula kile kile ambacho daktari amemshauri akiepuke.

Mpunga, Mchele na Wali

Kiswahili kina utajiri wa msamiati katika uwanja huu. Kilichoko shambani Mwea au Ahero ni mpunga. Mpunga ukishakobolewa huwa mchele. Mchele ukishapikwa huwa wali. Punje zilizovunjika wakati wa kukoboa au kutwanga ni chenga, zile zilizoponyoka na maganda yake ni chuya, na maganda yenyewe ni kapi. Wali ulioshikana na kukauka chini ya sufuria ni ukoko, ule wa majimaji ni mashendea, na chakula kilicholala hadi asubuhi ni kiporo au mwiku. Mwingereza hutumia neno moja, rice, kwa mmea, kwa punje na kwa chakula kilichoko sahanini.

Kiswahili hakiko peke yake katika jambo hili. Wachina, ambao wali wa kukaanga ni chakula chao cha asili, huuita mpunga dao, mchele mi, na wali fan. Fan pia ni chakula kwa jumla. Jina la Kichina la wali wa kukaanga ni chaofan, na sehemu yake ya kwanza, chao, ni kitenzi chenye maana ya kukaanga kwa moto mkali huku chakula kikigeuzwageuzwa. Jina hilo kwa hivyo linataja mambo mawili: kitu ambacho tayari kimeshapikwa, na moto wa pili kinaopitishwa.

Hapa ndipo tofauti ya mapishi inapojitokeza. Wali wa kawaida huchemshwa hadi maji yakaukie, ukafunikwa, na katika upishi wa makaa ukapaliwa moto juu ya mfuniko. Katika pilau, vitunguu na viungo hukaangwa kwanza, kisha mchele mbichi ukachemkia humo humo. Wali wa kukaanga hufuata njia ya tatu: huchemshwa, ukapoa, ndipo ukakaangwa. Wapishi hupendelea kiporo kwa kazi hii kwa sababu wanga wa wali uliopoa hukakamaa na uso wa punje hukauka, hivyo punje hazishikani kikaangoni. Wali mpya, wenye mvuke na unyevu, hugeuka bonge.

Koliflawa haifuati hata moja kati ya njia hizo tatu. Haina wanga wa kukakamaa, wala haihitaji maji ya kuivishia. Ili kulielewa hilo, sharti kwanza ifahamike koliflawa ni kitu gani.

Koliflawa ni Nini?

Koliflawa, kabichi, brokoli na sukuma wiki ni mimea ya spishi moja, Brassica oleracea. Mkulima wa kale alichagua mimea yenye majani mapana, mwingine yenye majani yaliyofumbana, na mwingine yenye maua yaliyosongamana. Katika sukuma wiki huliwa majani, na katika koliflawa huliwa kichwa cha vikonyo na machipukizi ya maua ambayo hayajakomaa. Hata jina lenyewe, lililotufikia kupitia Kiingereza, lina asili ya maana ya ua la kabichi. Hapa nchini hustawi katika nyanda za juu zenye baridi, mathalani Limuru na Kinangop.

Takribani asilimia 92 ya uzito wa koliflawa mbichi ni maji. Takwimu hiyo ndiyo ufunguo wa upishi wake. Mpika wali huanza na kitu kikavu na kazi yake ni kukinywesha maji. Mpika koliflawa huanza na kitu kilichojaa maji, na kazi yake ni kuyatoa upesi kabla hayajaigeuza sufuria kuwa mchuzi. Safari zao zinaelekea pande mbili zinazopingana.

Mahitaji

Kwa walaji wanne, mpishi huhitaji vitu vifuatavyo:

- koliflawa moja ya wastani, ambayo ikishaondolewa majani na shina gumu huwa na uzito wa gramu 600 hivi;
- mayai matatu;
- kitunguu maji kimoja na karoti moja kubwa;
- pilipili hoho moja;
- minji mibichi nusu kikombe;
- punje tatu za kitunguu saumu;
- tangawizi kiasi cha ncha ya kidole gumba;
- vitunguu vya majani shada moja dogo;
- mafuta ya alizeti au ya nazi vijiko vikubwa viwili;
- chumvi, pilipili manga na limau moja.

Chombo kinachofaa zaidi ni kikaango kipana au karai. Upana ni muhimu kwa kuwa mvuke hupata njia ya kutokea. Sufuria nyembamba yenye kina kirefu huuzuia mvuke, nao ukarudi chini ukiwa maji.

Hatua za Upishi

Kwanza, koliflawa huoshwa ikiwa nzima, ikakung'utwa na kupanguswa kwa kitambaa safi. Inafaa ikaachwa kwa muda wa saa moja ili maji ya nje yakauke. Kuiosha baada ya kuikata ni kuyaongeza maji ambayo mpishi atahangaika kuyaondoa.

Pili, hugawanywa vishada, kisha vishada vikakwaruzwa kwa kile kifaa cha bati chenye vitundu kinachotumiwa kukwaruzia karoti, upande wa vitundu vikubwa. Anayetumia kisu huikata tena na tena kibaoni hadi vipande vikaribiane na chenga za mchele. Anayetumia mashine ya kusagia hana budi kuiwasha kwa vipindi vifupi vifupi, kwani dakika moja mfululizo hutoa rojo. Haifai kuitwanga kinuni kwa sababu hiyo hiyo: mchi huponda, na kilichopondwa hutoa maji yake yote kwa pamoja. Shina laini lisitupwe. Nalo hukwaruzwa likaingia humo humo.

Tatu, chenga hizo hutandazwa juu ya kitambaa kikavu, zikakunjwa na kukamuliwa kidogo. Wakati huo mboga nyingine hukatwa vipande vidogo vinavyolingana. Kila kitu kiwe tayari kabla ya moto kuwashwa, kwani kazi iliyobaki ni ya dakika chache na haimpi mpishi nafasi ya kutafuta kisu.

Nne, mayai huvurugwa, yakakaangwa kwa kijiko kimoja kidogo cha mafuta hadi yakashikana bila kukauka, kisha yakaondolewa na kuwekwa kando. Yakiachwa kikaangoni hadi mwisho hukauka na kuwa kama mpira.

Tano, mafuta mengine hutiwa, moto ukaongezwa, na kitunguu maji, karoti na minji vikakaangwa kwa dakika tatu au nne. Minji migumu huchemshwa kando kwanza hadi ikalainika. Pilipili hoho, kitunguu saumu na tangawizi hufuata kwa nusu dakika tu, maana kitunguu saumu kikiungua huwa kichungu.

Sita, chenga za koliflawa hutiwa, zikatandazwa kikaangoni kote. Kwa dakika moja haziguswi, ili za chini zipate rangi ya kahawia. Kisha hugeuzwa, zikatandazwa tena. Hatua yote huchukua dakika nne hadi sita kwa moto mkali, bila mfuniko na bila tone la maji. Kikaango kikiwa kidogo, ni heri zikaangwe kwa mafungu mawili. Chenga nyingi mahali padogo huchemka kwa mvuke wake, na maji yakiwapo joto halipiti nyuzi 100 kwa kiasi cha kutosha kuleta ile rangi na harufu tamu ya kukaanga.

Saba, mayai hurudishwa yakiwa yamekatwakatwa, vitunguu vya majani vikanyunyizwa, kisha ndipo chumvi na pilipili manga zinapotiwa. Chumvi huwekwa mwisho kwa makusudi: hufyonza maji kutoka ndani ya mboga, na ikiwahi kutiwa, chenga hulowa kabla hazijakaangika. Chakula huepuliwa, limau likakamuliwa juu yake, na kikaliwa kingali moto.

Dalili ya kuiva ni chenga zinazoachana, zilizolainika kwa nje na zenye ugumu kidogo katikati. Harufu nzito ya kabichi iliyochemka ni ishara kwamba zimekaa motoni kupita kiasi. Mboga za jamii hii zina viambata vya salfa ambavyo huzidi kutoa harufu hiyo kadiri muda wa kupika unavyorefuka.

Ni bayana kwamba karibu kila kosa linaloweza kukiharibu chakula hiki ni kanuni njema ya kupika wali: kutia maji, kutia chumvi mapema, kufunika, kupunguza moto na kusubiri. Mpishi hodari wa wali ndiye aliye hatarini zaidi iwapo jina litamwongoza. Atapata mashendea, na lawama itaangukia koliflawa.

Nafaka Zinazojificha

Chakula kikiitwa kisicho na nafaka, sharti kweli kisiwe nazo. Mpunga, mahindi, ngano, mtama, wimbi, mawele na shayiri ni nafaka. Minji, kunde na soya ni jamii ya kunde, kwa hivyo minji haikiuki sharti hilo.

Mtego mkubwa uko katika sosi ya soya, ambayo katika mapishi mengi ya wali wa kukaanga haikosekani. Licha ya jina lake, aina nyingi za sosi hiyo hutengenezwa kwa soya na ngano. Mtu ambaye mwili wake hauvumilii gluteni anaweza kuiepuka chapati mwezi mzima kisha akadhurika kwa kijiko kimoja cha sosi. Vivyo hivyo, baadhi ya viungo vya mchuzi vya pakiti huwa na unga wa ngano au wanga wa mahindi. Hiyo ndiyo sababu ya mapishi haya kutegemea limau, tangawizi na chumvi. Anayetaka sosi sharti asome maandishi yaliyoko kwenye chupa.

Ieleweke pia kwamba mchele wenyewe hauna gluteni. Aliyekatazwa gluteni pekee hana sababu ya kuukimbia wali. Anachopaswa kukichunguza ni vile vinavyotiwa ndani yake.

Faida na Mipaka Yake

Gramu 100 za wali mweupe zina wanga wa gramu 28 hivi na kalori zipatazo 130. Gramu 100 za koliflawa mbichi zina wanga wa gramu 5 hivi, ambapo takribani gramu 2 ni nyuzinyuzi, na kalori zipatazo 25. Kwa hesabu hiyo, koliflawa nzima ya gramu 600, inayowatosha watu wanne, ina wanga unaokaribiana na ule wa gramu 100 tu za wali. Kwa mtu ambaye sukari ya damu yake hupanda upesi baada ya kula, tofauti hiyo si ndogo. Fauka ya hayo, koliflawa ina vitamini C, na kuikaanga kwa muda mfupi bila kuimwagia maji huihifadhi vitamini hiyo kuliko kuichemsha.

Hata hivyo, afya haimo katika koliflawa peke yake. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi. Vijiko viwili vilivyotajwa hapo juu tayari vinazipita kalori za koliflawa yote, ambazo ni 150. Mpishi anayemimina mafuta bila kupima ameondoa wanga kwa mkono mmoja na kurudisha nishati kwa mkono wa pili.

Vilevile, wali si adui. Mtu anayelima tangu alfajiri au mwanafunzi anayekula mara moja kwa siku anaihitaji nishati ya wali, na bakuli la koliflawa halitamfikisha jioni. Mayai yamo katika mapishi haya kwa sababu hiyo. Bila protini, mlaji huona njaa mapema. Naye mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiuondoe wanga ghafla bila kushauriana na daktari wake, kwani dawa ile ile bila chakula kile kile inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Suala la Jina

Ubishi kuhusu jina la chakula hiki umekwisha kufika katika mabunge. Mwaka 2019, majimbo ya Arkansas na Louisiana nchini Marekani, yote mawili yakiwa wakuzaji wakubwa wa mpunga, yalipitisha sheria za kuzuia bidhaa isiyotokana na mpunga kuuzwa kwa jina rice. Sheria hizo ziligusa pia majina ya nyama, na watengenezaji wa vyakula vya mimea walizipinga mahakamani. Huko mgogoro ulikuwa wa soko. Katika Kiswahili, tatizo ni la kisarufi zaidi, na pengine ni zito zaidi kwa mlaji.

Jina linalokuja ulimini kwanza ni wali wa koliflawa. Ugumu wake umo katika a-unganifu. Katika ugali wa muhogo na uji wa wimbi, a-unganifu hutaja kitu ambacho chakula kimetengenezwa kwacho. Ugali ni jina la namna ya kupika. Unga unaweza kubadilika na ugali ukabaki ugali. Katika wali wa nazi na wali wa maharagwe, a-unganifu hutaja kilichoongezwa, na mchele huchukuliwa kuwa umo bila kutajwa. Wali umefungamana na mchele kwa namna ambayo ugali haukufungamana na mahindi.

Kwa hivyo, Mswahili anayesikia wali wa koliflawa ataelewa, na kwa haki kabisa, wali uliochanganywa na koliflawa. Mpishi wa hoteli akiagizwa hivyo ataleta sahani ya mchele yenye vishada vyeupe juu yake. Kwa mlaji wa kawaida hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa mgonjwa aliyeagiza akiamini kwamba ameepuka wanga, si la kuchekesha hata kidogo.

Yamkini wapo watakaosema kwamba lugha hukua kwa kupanua maana, na kwamba wali utazoea koliflawa jinsi chai ilivyozoea mchaichai usio na jani la chai. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini Kiswahili kina pia mazoea ya kukipa kitu jina lake. Pale ambapo Kiingereza huita maziwa kile kinachokamuliwa katika nazi, Kiswahili kilikuwa na neno tui tangu zamani, na hakuna aliyewahi kulichanganya tui na maziwa ya ng'ombe.

Neno linalofaa limo katika msamiati uliotajwa mwanzoni: chenga. Kile kinachotoka kwenye kikwaruzo kinaweza kuitwa chenga za koliflawa, na chakula chenyewe chenga za koliflawa za kukaanga. Chenga ni vipande vidogo vilivyovunjika, na ndivyo koliflawa hiyo ilivyo. Neno hilo linaukumbusha mchele kwa umbo bila kudai kwamba mchele umo. Zaidi ya hayo, linamwonya mpishi, maana kila aliyewahi kupika chenga za mchele anajua jinsi zinavyogeuka uji upesi zikizidishiwa maji. Ni kweli kwamba mchezaji kandanda naye hupiga chenga, lakini muktadha utazitenganisha. Aliyetiwa chenga ni mlaji aliyeagiza wali wa koliflawa akaletewa pishori.

Hitimisho

Imebainika kwamba chenga za koliflawa za kukaanga ni chakula rahisi kinachopikwa kwa muda mfupi kwa vitu vinavyopatikana sokoni, mradi mpishi azingatie mambo matatu: ukavu, moto mkali na chumvi ya mwisho. Imebainika pia kwamba manufaa yake hutegemea mafuta, sosi na hali ya mlaji mwenyewe.

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili, kuna funzo jingine. Istilahi za jikoni mara nyingi huachwa zijiamulie zenyewe, ilhali huko ndiko maneno huingia mdomoni pamoja na chakula. Orodha ya vyakula hotelini na karatasi ya ushauri wa lishe zahanatini ni matini zinazostahili umakini wa mwanaisimu. Jina sahihi humwelekeza mpishi wakati mfuniko uko mkononi mwake, na humlinda mgonjwa ambaye hana namna nyingine ya kujua kilichomo sahanini.